Ya Ishirini au ya Ishirini na Nane

…na hii ya ishirini ingeingiza hata dirisha, dirisha na kitanda na kabati na dada yake akiwa ameinamia cherehani, chumba chote bila kubakisha kona, aliwaza hivyo huku ameishika ile lenzi kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika yai bichi, na mbele yake, juu ya kitambaa cha kijivu kilichotandikwa kwenye kioo cha kaunta, ilimngoja ile nyingine, ya milimita ishirini na nane, nyembamba zaidi, bapa kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni, na mwenye duka, ambaye wapiga picha wote walimwita Bwana Kitambaa kwa kuwa hakuna alichokigusa bila kukifuta kwanza, alikuwa anasema jambo kuhusu uzito, “…zote mbili nyepesi, binti, utazunguka na kamera shingoni kutwa nzima na usiisikie,” naye akaitikia kwa kichwa, lakini masikio yake yalikuwa mfukoni, kwenye simu iliyokuwa ikitetemeka kwa mara ya tatu, na hakuwa na haja ya kuitazama, ni dada, nani mwingine, dada ambaye asubuhi alimwandikia Mama leo yuko vizuri, kaamka anakuulizia, usingoje kesho, njoo sasa hivi, na yeye akajibu nakuja, akavaa viatu, akachukua kamera, akafika njia panda, na badala ya kushika njia ya kwa dada akapinda huku, dakika kumi tu, alijiambia, nachukua lenzi nakwenda, na saa ya ukutani nyuma ya Bwana Kitambaa ilionyesha kwamba hizo dakika kumi sasa zilikuwa arobaini na tano… lakini angekwendaje na ile ya kazini, ile ndefu kama chupa ya chai, ya maharusi na mikutano, ambayo ukiinyanyua tu watu wanajiweka sawa kola, hapana, ile ndiyo iliyoharibu mambo mara ya mwisho, ile ndiyo iliyomfunika uso hadi Mama akashtuka kitandani na kuuliza, huyu ni nani, mbona anatutazama na lidude, na dada akamkimbilia na kumshika mabega, ni mwanao, Mama, ni kitindamimba wako, na Mama akazidi kutetemeka, na yeye njia nzima ya kurudi nyumbani alijieleza peke yake kwamba ni lenzi, mtu yeyote angeogopa, mtu mzima mgonjwa anatolewa macho na mtutu mweusi, lazima aogope, basi dawa ni lenzi ndogo, ndogo kiasi cha kukaa kwenye kiganja, na iwe pana, ili asilazimike kuibandika jichoni, aishike kifuani tu huku wanaongea, uso wake uko wazi, Mama anamwona, picha inajipiga yenyewe… na tangu siku hiyo amesoma, jamani amesoma, miezi mitano kila jioni anasoma maoni ya watu asiowajua, kamera isiyo na kioo ndani na yenye kihisi kikubwa cha mwanga kama yake inataka lenzi gani, ipi inapokea mwanga zaidi chumba kikiwa na giza, ipi inafifisha picha pembeni, ipi inakunja mistari ya milango, amejaza daftari zima, na alipompigia dada kumweleza, dada alicheka kicheko kile chake cha kukata uzi kwa meno, “Yaani Mama anasahau majina ya watoto aliowazaa, na wewe unaniambia habari za kona za picha.”

“Ya ishirini inameza chumba,” Bwana Kitambaa alikuwa anasema, “lakini uwe na adabu nayo, anayekaa pembeni inamvuta, shavu linakwenda huku, kichwa kinakuwa kama papai,” akacheka mwenyewe, akafuta kaunta mahali palipokuwa safi tayari, “katikati hana neno, tatizo wa pembeni,” na yeye akawaza, basi Mama atakaa katikati, na dada je, dada atavutwa, dada ambaye miaka miwili sasa ndiye anayemwogesha Mama na kumlisha na kubadili mashuka, ndiye aliyehamishia cherehani chumbani ili ashone sare za watu huku jicho moja liko kitandani, huyo ndiye atakayewekwa pembeni ageuke papai, na yeye mwenyewe hata pembeni hatakuwepo, atakuwa nyuma ya kamera, kwenye pembe ya mlango, kwa sababu ndivyo alivyokwisha kupanga, alikichora chumba kwenye daftari na kuweka alama ya mahali pa kusimama, mlangoni, mgongo kwenye fremu, hatua tatu kutoka kitandani, na hesabu ilikubali, ya ishirini ingeingiza kila kitu kutoka hapo, ya ishirini na nane isingeweza, ingemtaka asogee, ingemtaka achague… “Unapiga nini hasa?” aliuliza Bwana Kitambaa, na akajisikia anajibu, “Nyumba, napiga vyumba vya nyumba, ndani,” jibu la haraka namna hiyo, kama mtu anayeficha kitu mgongoni, na mzee akasema ahaa, basi ya ishirini, hao wa nyumba wote wanachukua hiyo, na lenzi ikawa nzito ghafla, na simu ikatetemeka tena, akaunyamazisha mtetemo kwa kidole bila kuitoa simu mfukoni, na kunyamazisha kule kukamchoma, maana yawezekana si dada anayetaka kugomba, yawezekana Mama mwenyewe ndiye aliyesema mpigieni, leo ni leo, siku kama hii huja mara ngapi, mara ya mwisho, alivyosimulia dada, ilikuwa majuma sita yaliyopita, kwa saa mbili tu, Mama akataja majirani wote wa zamani kwa majina na kumcheka mmoja wao, na kufika mchana alikuwa amerudi kwenye foronya yake, anaikunja, anaikunjua, anaikunja, mikono iliyofanya kazi kwenye udobi wa hospitali miaka ishirini na sita haijui kukaa bure… foronya ile ile aliyokuwa nayo siku ya lenzi, foronya ya buluu, naam, alikuwa anaikunja, na yeye akapiga tatu za kwanza na Mama hakusema kitu, wala hakushtuka, alitazama lenzi kama anayetazama kabati, kisha… kisha yeye akaiweka kamera mezani, kando ya kikombe cha maji… hapana, aliiweka baadaye, aliiweka baada ya ule ukelele wa Mama… la, aliiweka kabla, anakumbuka mkanda uligusa kikombe na maji yakamwagika kidogo na akayafuta kwa mkono wa blauzi, akavuta kistuli, akakaa, uso wake mtupu, hauna kamera, hauna kofia, dirisha liko wazi na mwanga wote unampiga yeye, na Mama akaacha kukunja, akamtazama vizuri kabisa, bila haraka, akatabasamu lile tabasamu la wageni, akasema, “Karibu, mwanangu. Mama yako hajambo?” na yeye akajibu, Mungu wangu, akajibu, “Hajambo, anakusalimu,” akajibu vile kama anayezungumza na mpangaji mwenzake ngazini, akainuka, akaichukua kamera na kuibandika usoni haraka, si kwa kupiga picha, alikuwa haoni chochote, kioo kizima kilikuwa machozi, aliibandika ili asionekane, na hapo ndipo Mama alipoogopa, hapo ndipo aliposema huyu ni nani… kwa hiyo lenzi haikumfunika uso, yeye ndiye aliyeufunika uso kwa lenzi, na miezi mitano anazungumza habari za milimita.

Mkono wake ukaitoa simu na kumpigia dada. Bwana Kitambaa akarudi nyuma kidogo kwa heshima, akajifanya anapanga mikanda, na dada akapokea kabla hata haijaita, “Uko wapi wewe?” “Dukani,” “Duka gani?” “La lenzi,” na upande wa pili ikasikika cherehani ikisimama, naye akasema kabla hajapata muda wa kuogopa, “Dada, siku ile kamera ilikuwa mezani. Aliponiuliza kama mama yangu hajambo, kamera ilikuwa mezani,” na dada akasema, “Najua. Nilikuwa mlangoni na beseni.” “Mbona hukusema?” “Ulivyoishikilia hiyo habari ya lenzi, nikaona nikuachie,” na sauti yake haikuwa na ugomvi, ilikuwa imechoka tu, na uchovu ule ulimuuma kuliko ambavyo ugomvi ungemuuma, mlangoni na beseni, miezi yote hii anajua, na kila akipigiwa na kuelezwa kuhusu lenzi anasikiliza, anakata uzi, anasikiliza… “Na akiniuliza tena?” “Utamjibu tena. Mimi juzi kaniita nesi, nikamwambia usijali, leo hakuna sindano. Akashukuru sana.” Akataka kucheka na kilichotoka hakikuwa kicheko kamili, na akauliza anafanya nini sasa, na dada akasema amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, amejisuka mwenyewe nywele, upande mmoja umepinda, hataki nimrekebishe, “anauliza kama umekula,” “ananiuliza mimi, kwa jina?” na dada akavuta pumzi, “Jina limempotea kidogo. Anasema yule wangu wa mwisho. Njoo, mdogo wangu,” na simu ikakatika, au aliikata yeye, hakujua, bado ameishika sikioni na ile ya ishirini bado iko katika vidole vya mkono mwingine, saa bado iko ukutani, Bwana Kitambaa bado anafuta, hakuna kilichosogea dukani, ila kile kichoro cha daftarini kilikuwa kimemgeukia, akakiona kilivyo, mtu mmoja mlangoni, mgongo kwenye fremu, hatua tatu, amesimama kama mgeni ambaye hajaambiwa apite, anakiingiza chumba chote kwenye picha ili yeye mwenyewe asiingie… na kama atafika na upepo umekwisha kugeuka, na inawezekana, saa nzima karibu imepita, kama atakuta tabasamu la wageni na lile swali, basi atakaa kitandani, si kwenye kistuli, magoti yagusane, na atasema kweli, hajambo, mama yangu leo hajambo, ameamka vizuri, amejisuka, ameniulizia kama nimekula, na picha, kama itakuwepo, itakuwa ya uso huo tu na mkono wa dada unaopita, dirisha libaki nje, kabati libaki nje, na hofu ilikuwa haijakwenda popote, lakini sasa alijua anachokiogopa. “Haya, binti,” Bwana Kitambaa akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyesikia mazungumzo na anayejua kwamba hakupaswa kusikia, “nikufungie ipi?” na yeye akailaza ile ya ishirini juu ya kitambaa.

“Hii nyembamba,” akasema. “Usiifunge. Naivalisha kamera hapa hapa.”