Kivuli cha Patasi

Katika karakana ile ya samani, saa kumi na nusu jioni hakuna aliyevua aproni kabla ubao haujajaa. Ubao wenyewe ulikuwa ukutani, mkabala na dirisha la stoo, na kila zana ilikuwa imechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe: nyundo, randa, misumeno, patasi za kila upana. Mafundi waliyaita maumbo hayo vivuli. Zana ikirudi, kivuli kinazibwa. Isiporudi, ule weupe unakutazama mpaka uone haya. Mkaguzi alikuwa mtunza stoo, mwanamke wa makamo ambaye kila mtu alimwita Dada Stoo, hata waliomzidi umri.

Utaratibu huo uliletwa na msimamizi, aliyebandikwa jina la Futi kwa sababu hakuwahi kuonekana bila futi ya chuma kiunoni, hata msibani. Kila mwanzo wa mwaka Futi aliwaketisha mafundi akawasimulia habari ileile. Ujanani mwake, kwenye karakana nyingine, fundi mmoja alimchoma mwenzake patasi ya ubavu akamwua. Ugomvi wao ulikuwa umetokota miezi mitatu, na watu wote waliuona.

"Na mimi niliuona," Futi alisema kila mara. "Nilikuwa nacheka."

Kisha alitoa masharti. Njia kati ya meza ziwe wazi. Milango yote miwili isifungwe saa za kazi. Na mtu akisikia mwenzake anatishia au anatishiwa, amwambie yeye siku hiyohiyo. "Afadhali mniletee jambo la bure mara kumi. Sitamcheka mtu." Mafundi waliitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, halafu wakitoka nje wakamwigiza sauti. Ndivyo tulivyo binadamu, dawa tunaidharau mpaka tuugue.

Mle ndani Dada Stoo alikuwa na mdogo wake, fundi wa milango, aliyeitwa Bawaba kwa kuwa mlango alioutia yeye haukulia hata baada ya miaka. Dada ndiye aliyemlea wazazi walipofariki, na ndiye aliyemwombea kazi. Miezi miwili nyuma, mke wa Bawaba alifungasha virago akaenda zake. Jambo kama hilo, kwa watu wenye staha, husemwa kwa sauti ya chini. Lakini karakana ilikuwa na Msasa, mpiga vanishi, na ulimi wake ulilistahili jina lake. Bawaba akipima mlango, Msasa atauliza, "Huo utakuwa na komeo kweli? Maana wako ulimwachia mtu akapita na masanduku." Watu wakavunjika mbavu.

Siku moja wakinywa chai, Bawaba aliweka kikombe chini akasema taratibu, "Ipo siku utanyamaza."

Walicheka tena. Dada Stoo naye alicheka kidogo, ili ionekane kwamba ulikuwa utani tu.

Jumatatu iliyofuata, wakati wa kukagua, kivuli cha patasi ya inchi moja na nusu kilikuwa kitupu. Dada Stoo hakuhitaji kufungua daftari kujua nani aliichukua asubuhi. Alitazama upande wa meza ya milango, akamwona mdogo wake amesimama, mkoba begani, anamtazama. Sharti la Futi kuhusu zana zenye makali lilijulikana: atakayetoka nazo nje ya geti asirudi. Dada mtu akaingia stoo, akafungua droo ya akiba, akatoa patasi nyingine ya upana uleule, akaitundika.

"Umejaa," akatangaza, na watu wakavua aproni.

Funika kombe mwanaharamu apite, alijiambia. Jioni ile alipita chumbani kwa Bawaba na bakuli la maharage, akiwa amedhamiria kumwuliza. Alimkuta kakaa kitandani, taa haijawashwa. Wakaongea habari za maharage. Yameiva vizuri, eeh, chumvi je, chumvi inatosha. Dada akarudi kwake akijisifu kwamba angalau mtoto amekula. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na minne.

Jumanne ilipita, Jumatano ikapita, ubao umejaa kama kawaida. Alhamisi asubuhi Msasa alizidisha. Alibandika karatasi kwenye fremu ya mlango ambao Bawaba alikuwa akiutengeneza: CHUMBA KINAPANGISHWA, MWENYE MKE ASIOMBE. Mafundi walikusanyika. Bawaba akaja, akaisoma, akatabasamu. Aliibandua polepole, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akaendelea na kazi.

Tabasamu lile ndilo lililomtia Dada Stoo baridi. Alimjua mdogo wake tangu anatambaa. Akikasirika alikuwa anapayuka, anatupa vitu, halafu baada ya saa nzima anaomba radhi. Hakuwa mtu wa kutabasamu. Saa nne, Bawaba alipofungua mkoba kutoa chupa ya maji, dada mtu alikuwa akipita na kopo la gundi. Akaona mpini, umeviringishiwa kitambaa. Upande wa makali kitambaa kilikuwa kimekatika chenyewe. Patasi ilikuwa imenolewa kuliko kazi yoyote ya mbao inavyotaka.

Aliweka kopo chini akaenda kusimama mbele ya ubao. Akisema, mdogo wake anaweza kukosa kazi, na huenda asimsemeshe tena maisha. Asiposema, Msasa, kwa upuuzi wake wote, ana watoto watatu. Na Bawaba angeozea jela. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Dada Stoo aliitoa ile patasi ya akiba ubaoni, akaacha kivuli wazi, akaenda ofisini kwa Futi.

"Kivuli kimoja kiko wazi," alisema.

"Cha nini?"

"Patasi ya inchi moja na nusu."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu Jumatatu. Mimi ndiye niliyekuwa nakiziba. Iko kwenye mkoba wa mdogo wangu, na ameinoa."

Futi hakupiga meza wala hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja tu: "Msasa yuko wapi sasa hivi?"

"Kibandani, anapiga vanishi."

Kilichofuata kilifanyika polepole hivi kwamba mafundi wengi hawakujua kuna jambo. Msasa aliitwa na kuambiwa aende na dereva kwenye kiwanda cha mbao, akachague mbao za makabati. Futi alisubiri mpaka gari likatoka getini. Alimwambia mlinzi wa geti akae karibu na mlango lakini asiuzibe, na wengine wakaambiwa wakanywe chai mapema. Ndipo akaifungua futi yake kiunoni, akaiacha mezani, akamwendea Bawaba mikono mitupu. Alikaa juu ya rundo la mbao, chini kuliko Bawaba, akamwacha yeye awe upande wa mlango.

Dada Stoo alitazama kupitia dirisha lake. Hakusikia neno hata moja. Aliona Futi akisema kidogo, halafu akinyamaza sana. Aliona Bawaba akitikisa kichwa, akitikisa tena, kisha mabega yakamshuka. Mwisho Bawaba akauvuta mkoba kutoka chini ya meza, yeye mwenyewe bila kuamriwa, akausukuma kwa mguu mpaka kwa Futi. Dada Stoo akaketi juu ya ndoo ya misumari akalia.

Uamuzi ulitolewa kabla ya saa sita. Bawaba angepumzika wiki mbili, na asingerudi kabla ya kuonana na mshauri wa pale zahanati. Futi angempeleka mwenyewe kesho yake. Msasa angekuta barua ya onyo ikimsubiri, na hakuna tena utani wa mke wa mtu mle ndani. Futi alimnyooshea Dada Stoo kiganja, naye akamkabidhi ufunguo wa droo ya akiba.

"Umechelewa," Futi alimwambia, "lakini umekuja. Mimi sikwenda."

Akampa ruhusa amsindikize mdogo wake nyumbani. Walitembea mpaka wakaipita ofisi ya posta. Dada alikuwa ameandaa maneno mengi ya kujitetea. Akaanza, "Nisamehe kwa kukusema. Niliogopa."

"Sikukasirikia hilo," Bawaba alijibu.

"Sasa umekasirikia lipi?"

"Jumatatu sikuisahau ile patasi, Dada. Ningeweza kutundika yangu ya nyumbani pale, usingejua hata siku moja. Nilikiacha kivuli wazi. Nikasimama palepale nikutazame, nikajua utaniita, utaniuliza, mdogo wangu una nini. Ukaenda kuchukua nyingine." Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Jioni ukaja na maharage. Nikasema basi, hata huyu hataki kujua."

Dada Stoo alisimama katikati ya njia, watu wakimpita huku na huku. Alimshika mkono kama alivyokuwa akimshika wakivuka barabara kwenda shule, mtu mzima na ndevu zake, na hakujali nani anawatazama.

"Una nini, mdogo wangu?" akauliza.

Naye akamwambia.