Magazini Yenye Mapengo Mawili

Cheruiyot alikuja Wheaton kuomba, na kuomba si kazi aliyoizoea. Alisimama mlangoni pa fleti ya Cherono, kofia mkononi, akitabasamu kama mtu aliyeshikiwa tabasamu na wengine.

"Shemeji, nimetoka Sterling mpaka huku," alisema. "Maduka yote ni empty. Watu wamebeba mags zote juu ya ile bill iko Richmond. Wewe unazo sita. Niuzie mbili tu."

Magazini ni kile kikasha cha risasi kinachochomekwa ndani ya mpini wa bastola. Kwa mtu wa kawaida ni kipande cha chuma chenye springi. Kwa hawa wawili, waliokuwa wakishindana kulenga shabaha kila mwezi, bastola isiyo na magazini nzuri ni nyundo ya bei ghali. Maryland, anakoishi Cherono, duka haliruhusiwi kukuuzia yenye kubeba zaidi ya risasi kumi, kwa hiyo siku zote alivuka mto unaotenganisha majimbo hayo mawili akanunua zake Virginia. Sasa Virginia nao, bungeni kwao Richmond, walikuwa wanajadili kupiga marufuku zile kubwa, na kabla wabunge hawajamaliza kubishana, watu walikwishafagia rafu zote. Wengi wa wanunuzi hao hawajawahi kushindana na mtu hata kurusha mawe. Walinunua kwa sababu jirani amenunua.

"Nunua zako," Cherono alisema.

"Nimekwambia hakuna."

"Basi ngoja zitengenezwe. Na sufuria yangu iko wapi?"

"Sufuria tena?"

Akamfungia mlango.

Sufuria haikuwa mzaha. Cheruiyot alikuwa mdogo wake Kibet, mume aliyemwacha Cherono. Alipofika Marekani alilala kwenye kochi lao miaka miwili, akala ugali wake, na ni Cherono aliyempeleka uwanjani mara ya kwanza na kumfundisha kushika bastola bila kutetemeka. Siku Kibet alipohama, dereva wa lile gari la mizigo alikuwa nani? Cheruiyot. Alibeba televisheni, akabeba viti, akarudi ndani akabeba na sufuria ya ugali ambayo Cherono alipewa na mama yake. Kumsamehe kwa viti angeweza. Kwa sufuria hakutaka, na hakuona haya kutotaka.

Mwaka huu wote wawili waliwania kitu kimoja. Klabu yao ilikuwa na nafasi moja tu ya mashindano ya taifa, na nafasi hiyo ingeamuliwa na mashindano ya Juni. Cherono aliitaka kuliko alivyowahi kutaka jambo lolote tangu talaka. Hospitalini anakofanya kazi aliitwa "nesi" na watu wasiosoma kitambulisho chake. Kanisani Langley Park aliitwa yule aliyeachwa, tena anayecheza na bunduki, mwanamke gani huyo. Uwanjani pekee ndiko jina lake lilikosomwa kwa sauti, na mara nyingi lilisomwa la kwanza.

Na zile magazini sita, kusema kweli, zilikuwa nne. Mbili zilikwishaharibika midomo, pale risasi zinapotokea, kwa kuangukia kokoto. Ukizijaza risasi, hukwama. Cherono alizitunza kwa mazoezi ya nyumbani tu, tupu, kuzoesha mkono kubadilisha upesi. Ili asizichanganye na nzima, alichukua tupa akazitia zote sita alama kwenye ukingo wa kitako, kama baba yake kule Sotik alivyokata masikio ya ng'ombe. Pengo moja, ng'ombe wa kubaki boma. Mapengo mawili, wa kupelekwa mnadani, na hizo zikawa zile mbovu.

Mashindano ya Mei alishiriki huku begi lake, lenye magazini zote sita, limeachwa wazi kwenye benchi, kama la kila mtu. Aliporudi nyumbani zile mbovu mbili hazikuwamo. Alidhani zimedondoka kwenye majani, akasema afadhali, akasahau.

Juni ikaja na joto la kukera. Uwanja wenyewe uko mbali kule Virginia, ukishapita Sterling na yale majengo makubwa yasiyo na madirisha wanamotunza kompyuta, hadi barabara ianze kuwa ya vumbi. Mwamuzi mkuu alikuwa Jelani, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni na akaenda kukikamilisha Dar es Salaam, kikarudi kimenyooka kuliko cha Wakenya wote wa klabu. Kwa hiyo mbele yake hukuweza kumsengenya mtu ukadhani umejificha.

Hadi kituo cha tano kati ya vituo sita, ambavyo kila mshindani huvikimbia peke yake akipiga shabaha huku saa ikihesabu, Cheruiyot alikuwa anaongoza kwa kidogo, Cherono wa pili. Hawakuwa wamesalimiana. Cheruiyot alikimbia kituo cha tano vizuri mno, na alipokata kona magazini moja, imejaa, ikachomoka kwenye mkanda wake ikaanguka. Hakuihitaji. Alimaliza bila hiyo.

Pale uwanjani kuna adabu ambayo hata maadui huifuata. Mshindani akikimbia huziacha magazini zake zilipoangukia, na mwamuzi akishatangaza kwamba bastola haina kitu, wengine huingia kumwokotea na kumletea mkononi. Ile iliyojaa ilianguka karibu na Cherono. Akainama, akaiokota kwa shingo upande.

Ilikuwa imepakwa rangi ya buluu kitakoni na kuandikwa jina la Cheruiyot kwa kalamu nyeupe. Lakini rangi haizibi pengo. Kidole gumba cha Cherono kilipita ukingoni kikaingia pengo la kwanza, kikaingia la pili.

Damu ikampanda. Mwizi. Alikuja mlangoni kwake kuomba, akanyimwa, akaenda kuchukua begini. Ila swali likamjia papo hapo: begini mlikuwa na nne nzima, kwa nini achukue mbili mbovu? Jibu likaja nalo, na lilikuja na harufu ya mavi ya ng'ombe. Siku ya mahari yake, baba yake Kibet alishusha ng'ombe kutoka kwenye lori, wote masikio yamekatwa mapengo mawili. Mzee akajigamba kwamba kwao hiyo ndiyo alama ya ng'ombe bora, wanaotengwa kwa mahari. Baba yake Cherono akacheka hadi akakohoa, akasema kwake hao wangekuwa njiani kwenda mnadani. Wote wakacheka. Na kijana aliyeshika kamba za wale ng'ombe alikuwa Cheruiyot.

Kumbe alisoma alama ya Cherono kwa macho ya baba yake mwenyewe. Alidhani ameiba zilizo bora. Na kwa kuwa zilikuwa bora hakuzitumia mazoezini. Alizihifadhi kwa siku kubwa, kama nguo ya Krismasi.

Cherono angeweza kupiga kelele. Lakini Cheruiyot angeapa kwamba ameinunua, kisha angeiweka pembeni na kumaliza na zile zake za zamani zilizo nzima. Akinyamaza, je? Cherono hakuhitaji muda mrefu kuamua, na moyo wake haukumsuta hata kidogo.

"Shemeji, umeangusha," alisema, akimpa.

"Asante," Cheruiyot akajibu, akashangaa kuitwa shemeji. Aliifuta vumbi kwa fulana yake, akaichomeka mbele kabisa kwenye mkanda.

Kituo cha sita ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vyote. Cherono alitangulia. Alilenga kwa utulivu, akabadilisha magazini bila kutazama, akamaliza akijua amefanya vizuri lakini si vizuri vya kumpita Cheruiyot akiwa sawa. Kisha akasimama nyuma ya kamba na kukunja mikono.

Cheruiyot alianza kwa kasi. Magazini ya kwanza ikaisha, akaitupa, akachomeka ile ya buluu. Risasi moja ikatoka. Ya pili ikakwama. Akavuta nyuma chuma cha juu cha bastola, risasi zikamwagika chini kama maharage, akajaribu tena, ikakwama tena. Saa ya mwamuzi inaenda. Alipoitupa hatimaye na kuchomeka nyingine, shabaha sita zilikuwa bado zinamsubiri na nafasi yake ilikwisha kwenda. Kila mtu aliliona hilo. Cherono alijitahidi kutoonyesha meno.

Bastola ilipokwisha kukaguliwa, Cheruiyot aliiokota ile ya buluu mwenyewe akaenda nayo moja kwa moja kwa Jelani.

"Huyu ame-tamper na mag yangu," alisema akimwonyesha Cherono kwa kidevu. "Ilianguka, akaishika, sasa iko hivi."

Jelani aliipokea, akautazama mdomo wake uliopanuka. "Ndugu Cheruiyot, uharibifu huu ni wa zamani. Lakini shutuma yako ni nzito, kwa hiyo nitakuuliza mara moja tu. Magazini hii ni ya nani?"

Angesema ni yangu, mambo yangeishia pale: kifaa chake, bahati mbaya yake, arudi nyumbani. Alifungua mdomo aseme hivyo. Kwa bahati mbaya, alimtazama Cherono kwanza, na wakati huo Cherono alikuwa ameshindwa kabisa kujizuia. Alikuwa anatabasamu.

"Ni yake," Cheruiyot alisema. "Nilitoa kwa bag yake mwezi uliopita. Sawa, niiteni mwizi. Lakini yeye alipoiokota alijua ni mbovu, akanipatia akinyamaza. Muulize."

Watu wakatazamana. Mtu gani anajivua nguo mbele ya klabu nzima ili tu mwenzake asishinde? Cherono alimjua mtu wa namna hiyo. Angefanya vilevile.

"Dada Cherono," Jelani alisema, "ulijua?"

Neno moja lingemtosha. Sikujua. Nani angethibitisha kilichohisiwa na kidole? Angepewa nafasi yake, jina lingesomwa, na Cheruiyot angeondoka na aibu yake. Lakini angeondoka akishuku tu, asiwe na hakika kwamba haikuwa bahati, na Cherono hakutaka bahati ipewe sifa ambayo ni yake. Alimtaka ajue ni nani aliyemwangusha.

"Nilijua," alisema. "Kwetu hiyo ni alama ya ng'ombe wa mnadani, shemeji. Baba yangu aliwaambia siku ya mahari mkacheka. Na ningekurudishia tena hata sasa."

Jelani akaishusha magazini mezani polepole. "Mmoja ameiba. Mwingine ameuona wizi akautumia kwa faida yake. Siwezi kumpeleka yeyote kati yenu. Nafasi ni ya mshindi wa tatu."

Mshindi wa tatu alikuwa Mark, mhasibu aliyezaliwa Virginia kwa wazazi wa Kitanzania, mtu mpole aliyekuja uwanjani kupunguza tumbo. Alishtuka kuliko wote. Cherono alikuwa anafungasha begi lake Mark alipomfuata.

"Auntie Cherono, pole. Naona aibu kuuliza. Mimi niko na magazini mbili tu, kule nationals hazitoshi, na madukani hakuna. Unaweza kuni-lend zako?"

"Nunua za..." Cherono alianza, akajisikia akirudia maneno yale yale.

Kicheko kikatoka upande wa magari. Cheruiyot alikuwa ameegemea mlango wa gari lake. "Maliza, shemeji. Mwambie vile uliniambia."

Cherono alifungua zipu ya begi. Alizitoa moja moja, bila haraka, kitako juu, pengo moja kila moja, akampa Mark zote nne. Hakufanya kwa wema, na Mark peke yake ndiye aliyedhani ni wema, akashukuru mpaka akachosha.

Cheruiyot hakuwa anacheka tena. "Mimi niliomba mbili," alisema. "Tena kwa pesa. Huyo si mtu wako. Mimi ni shemeji yako."

"Ndiyo maana," Cherono akasema.

Akaingia kwenye gari lake akaelekea mtoni kurudi Maryland, begi limelala kitini pembeni yake, jepesi. Jumamosi iliyofuata, siku ya mazoezi, bila magazini hata moja, hakuwa na pa kwenda nalo.