Aliyesaini Ndiye Ndugu

Siku mama mkwe alipolazwa, karani wa mapokezi alisukuma fomu chini ya kioo akauliza nani atasaini. Watoto wa kiume wa mgonjwa walikuwepo wote watatu. Simu zao ziliita kwa pamoja, wakatoka nje kuzipokea. Akabaki mkwe, mchora mabango, ambaye hati yake ilisifiwa mtaa mzima, na yeye akiwa wa kwanza kuisifu. Alisaini kwa madaha, akauvuta mkia wa herufi ya mwisho hadi ukingoni mwa karatasi. Mkia ulipita juu ya mstari uliosema mwenye saini atalipa gharama zote. Hakuusoma. Alikuwa akiutazama mkia.

Mama mkwe alifariki baada ya siku kumi na tisa, na barua ya hospitali ikaja kwa jina la mchora mabango. Mashemeji walisikitika sana.

"Shemeji, tungekusaidia," mkubwa wao alisema, "lakini sheria inakutambua wewe. Tukiingilia tutakuwa tumeivunja."

Mchora mabango alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba kati ya wajinga wote aliowahi kuwachorea mabango, hakuna hata mmoja aliyemfikia yeye. Mkewe hakubisha.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, marehemu alibisha hodi. Alikuwa amevaa gauni lake la kuendea kliniki.

"Mkwe wangu, nimeona aibu kule niliko. Twende nikalipe mwenyewe. Mwili ulikuwa wangu."

Mchora mabango alimwamkia, macho chini kama impasavyo mkwe, akaosha brashi zake, wakaondoka.

Walipita kwanza kwa mtoto mkubwa. Huyo alimwamkia mama yake kupitia dirisha, mlango asifungue.

"Mama, wewe ulisaini? Mimi je, nilisaini? Basi."

Hospitalini, karani wa madai alimsikiliza marehemu hadi mwisho.

"Pole kwa kufariki, mama," alisema. "Kitambulisho?"

Alikilinganisha na cheti cha kifo. Vikalingana.

"Hapo ndipo penye tatizo. Marehemu haruhusiwi kuchukua deni. Ungekuja ukiwa hai."

"Nilikuwa hai. Nilikuwa hapo juu, wodini kwenu."

"Lakini hukusaini."

"Sikuwa na fahamu."

"Ndiyo maana akasaini huyu," karani alisema kwa upole, akamwonyesha fomu. Hata yeye alikiri kwamba saini ilikuwa nzuri. Chini yake, kwenye nafasi ya uhusiano, paliandikwa kwa hati ileile ya madaha: *ndugu wa karibu*.

Mama mkwe aliyasoma maneno hayo.

"Nilizaa watatu," alisema, "nikauguzwa na mchora mabango."

Mchora mabango alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kilipoisha, machozi yakaendelea, na marehemu akampa leso.

Karani aliwapangia kulipa kidogo kidogo kila mwezi, kwa miaka sita. Mashemeji walipoarifiwa walisema ni mpango mzuri.

Tangu hapo, kila tarehe tano, mama mkwe huja kumsindikiza. Pale hospitalini kuna dirisha la wazee, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama marehemu bado anahesabika mzee. Deni ni la mchora mabango kama lilivyokuwa, lakini siku hizi foleni hawapangi. Kabla ya saa tatu huwa wamekwishamaliza.