Ukungu wa Bi Asia

Shadya aliingia na kanga zilizogoma kukauka tangu jana, akamwambia mumewe, Mansuri, kwamba chumba cha mama kimeingia ukungu tena, umefika usawa wa kitanda.

"Si ufungue dirisha," alisema Mansuri, akivaa viatu.

Ukungu ulianza na vidonge. Bi Asia, mama yake Mansuri, aliteremshwa kutoka kijijini Kinole kwa sababu ya magoti, akaja Kihonda mjini na ada ya mlimani: kukipambazuka, husimama uani akawaita majirani kwa sauti, kama wanavyoitana kule mteremko kwa mteremko. Kule asiyeitika hufuatwa kwake, aangaliwe kama ni mzima. Huku watu wametoka zamu za kiwandani, wanataka kulala, wakamjia Mansuri na lawama. Mansuri akaenda duka la dawa kwa Raphael, akapewa vidonge vya usingizi bila kuulizwa cheti cha daktari wala umri wa mgonjwa.

Bi Asia akalala. Kila kidonge kilileta ukungu wake, wa baridi, wenye harufu ya udongo na migomba. Sukari ikaganda koponi. Mama akaanza kupepesuka, akaanguka mlangoni mwa choo, akawa anamwita Shadya kwa jina la dada yake mwenyewe, marehemu. Majirani walimshukuru sana Mansuri. Inaudhi, maana kelele zile zilihitaji mtu mmoja tu wa kuitika.

Shadya alichoka na unyevu, akaacha kumpa mama vidonge. Mama mkwe akatetemeka hadi kitanda kikatembea na kuziba mlango. Mansuri akarudi dukani.

"Hii haiachwi ghafla, kaka," alisema Raphael. "Daktari ndiye anaipunguza, taratibu."

"Mbona siku ile hukusema?"

"Ulikuwa na haraka." Akampa pakiti nyingine.

Sasa ukungu umefika darini, na Bi Asia hupatikana kwa kupapasa. Alfajiri sauti ya mwanamke humwita kutoka mlimani: "Asia ee! Umeamkaje?" Kwa kuwa haiitikiwi, imeanza kumfuata. Juzi ilikuwa Bigwa, mlima unapoishia, jana Msamvu, jirani na Kihonda. Leo imefika dirishani.

"Amelala," Mansuri aliijibu, akafunga dirisha.

Akaingia ukunguni na kikombe cha maji, akapapasa mto, shavu, mpaka akaupata mdomo wa mama yake. Ulikuwa wazi, umeshavuta pumzi ya kuitikia. Akaweka kidonge.