Kondoo wa Sita

Kwa miaka miwili Ladina alichora bamba moja tu la chuma. Halikuzidi urefu wa kiganja, lenye matundu manane ya skrubu, la kuungia mfupa wa muundi uliovunjika. Mabamba ya siku zile yaliubana mfupa kama mkanda uliokazwa mno. Damu haikupita, na mfupa chini ya chuma ukafa polepole. Ladina alilichimba vijishimo upande wa chini, ili liuguse mfupa mahali pachache na damu ipate njia.

Lakini daktari wa upasuaji haridhiki na michoro. Anataka kuona mfupa. Basi theluji ilipoanza kuyeyuka kwenye milima ya Graubünden, kondoo sita waliletwa kwenye zizi nyuma ya maabara. Kila mmoja alidungwa sindano ya usingizi, akakatwa mfupa wa mguu, akaungwa kwa bamba. Baada ya wiki kumi na mbili wangeuawa, mifupa yao itazamwe kwa hadubini.

Mtunzaji wao alikuwa Gaudenz, mzee mchechemeaji aliyezeekea zizini humo.

"Injinia, njoo umwone mwanao!" alimwita Ladina wiki ya tisa.

"Mwanangu yupi tena?"

"Huyu Nona. Leo kanikimbiza hadi mlangoni."

"Mzee Gaudenz, si tulikubaliana hawapewi majina?"

"Mlikubaliana nyie wa ghorofani. Mimi huku chini nani aliniuliza?"

Ladina akacheka. Gaudenz hakucheka. Alijipiga paja la mguu wake uliopinda.

"Nilianguka kutoka dari la kuwekea nyasi za mifugo nikiwa na miaka kumi na moja. Jirani akanifunga vijiti, basi. Kila kukiwa na dansi, mimi na benchi, benchi na mimi." Akamtazama kondoo. "Huyu anatembea nisivyowahi kutembea mimi. Wale watano chukueni, sisemi kitu. Huyu niachie, mwanangu. Nitampeleka kwa dada yangu kule bondeni."

Ladina alisema atauliza. Lakini hakukuwa na wa kuulizwa: ile hesabu ya kondoo sita aliiandika mwenyewe. Siku tatu aliipiga upya. Kwa watano, madaktari wangesema ni bahati tu, na watu wangeendelea kufungwa mabamba ya zamani. Tena aliyepona kuliko wote ndiye ambaye mfupa wake ulikuwa na la kusema.

"Haiwezekani, mzee wangu," alimwambia.

"Umemwuliza nani?"

Angeweza kumtaja mkubwa wake. "Nimejiuliza mwenyewe."

"Angalau hukunidanganya."

Siku ilipofika, Nona alikataa kufuatana na wasaidizi. Ikabidi Gaudenz ashike kamba. Wakauvuka ua pamoja, mzee akichechemea, kondoo akitembea sawasawa pembeni yake. Alimshika kichwa, akimnong'oneza, mpaka sindano ilipomaliza kazi yake.

Mfupa chini ya bamba ulikutwa hai. Ghorofani walifungua mvinyo, wakampigia Ladina makofi. Yeye akateremka zizini, akamkuta Gaudenz akisugua sakafu.

"Mfupa uko hai, mzee. Wa wote sita. Wake kuliko wote."

"Basi ulichora vizuri."

"Watu watatembea."

"Najua. Nami nimefurahi kwa ajili yao." Brashi ikasimama. "Asubuhi nimewachotea maji. Wote sita. Nilipokumbuka hawapo, nilikuwa nimeshayamwaga hodhini."

Mwisho wa mwezi Gaudenz aliaga, akahamia kwa dada yake. Ladina alimwandikia mara mbili, hakujibiwa.

Haikupita miaka miwili, bamba lile likaanza kufungwa miguuni mwa watu, na likaagizwa jingine, la mfupa wa paja. Kondoo wengine wakaletwa. Mtunzaji mpya alikuwa hajapatikana, hivyo asubuhi ya kwanza Ladina alikwenda kuwalisha mwenyewe. Alipoingia, wote walijibana kwenye kona ya mbali. Akawaita, hawakuja. Akaweka nyasi chini, akarudi nyuma hadi nje ya mlango, akasimama kwenye baridi akisubiri waanze kula.