Makofi ya Shangazi

Siku ya onyesho la kwanza fundi bomba hakuweza kukaa akatulia. Alivaa aproni ya mwokaji mikate, akaivua, akaivaa tena. Alichungulia ukumbi kupitia tundu la pazia mara saba, na kila mara alirudi na habari ile ile, kwamba viti vinajaa. Mwenzake kwenye mchezo, karani wa posta, alikuwa amekaa juu ya gunia la unga kimya kabisa, kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi.

Mchezo ulitungwa na mwalimu mstaafu aliyewasomesha wote wawili. Ulihusu waokaji wawili wa mtaa mmoja, fundi akiigiza yule wa dini ya wengi, karani yule wa dini ya wachache. Watoto wa mtaa wanapougua matumbo, yule wa kwanza anatangaza kuwa mikate ya mwenzake ni najisi, na watu wanakwenda kulivunja tanuri lake. Baadaye inajulikana kuwa unga mbovu ulikuwa wa mshtaki mwenyewe. Hapo aliyeonewa anapewa neno la mwisho, naye hasamehi. Anataka tanuri la mbaya wake livunjwe vilevile, watoto wake wakitazama. Mwalimu alisema anataka watu wamhurumie huyu, kisha yule, kisha warudi makwao wamegombana na nafsi zao.

Jambo moja halikuwa mchezo. Karani kweli alikuwa wa dini ya wachache, na mji mzima ulijua.

Pazia lilipofunguka, watu walimpokea fundi kama mtoto wao. Nani hapo hakuwahi kumwita bomba lilipopasuka? Walicheka kabla hajamaliza mzaha. Basi alipofika penye maneno yake makali alikuwa amelewa sifa, akanyoosha kidole na kupaza sauti: "Mkono usioomba kama wangu hautakanda mkate wa mwanangu!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Safu ya tatu mwanamke mmoja alisimama wima akipiga viganja, kitambaa kikimwanguka kichwani. Alikuwa shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Fundi aligeuka, akamwona karani ameshika ukingo wa meza mpaka vidole vimebadilika rangi. Hakujua kama ile ilikuwa sanaa.

Walipomaliza, karani alikunja aproni yake taratibu, akamuuliza, "Makofi yale yalikuwa yako, au ya yule mwokaji?"

Fundi alicheka, lakini swali lilimganda kama kupe. Kesho yake alikwenda kwa shangazi, ambaye alimkaribisha kwa bashasha na kumwambia kwamba hatimaye mtu amesema lililokuwa mioyoni mwa watu. Fundi alimweleza kuwa yule mwokaji ni mwongo, ndiyo maana ya mchezo wenyewe.

"Kuhusu unga alidanganya," shangazi alisema. "Kuhusu wale watu hakudanganya. Wewe umesahau uji wako niliomwaga chini ulipokuwa mdogo? Ulitoka kwa jirani wa dini hiyo."

Hakuwa amesahau. Alikumbuka uji ukitambaa sakafuni, na yeye akilia njaa. Lakini kwa miaka yote aliamini ulikuwa na inzi.

Wiki ile hakutulia. Aliufunga mfereji wa mteja kinyumenyume, akarudia kazi bure. Mwishowe alimwomba mwalimu afute yale maneno. Mwalimu alikataa, na ajabu ni kwamba karani naye alikataa.

"Ukiyafuta, hasira yangu mwishoni itakosa mzizi," karani alisema. "Wataona mtu mkali tu."

"Basi wewe lainika kidogo mwishoni. Wakuhurumie."

"Wakinihurumia kwa sababu ni mpole, watakuwa wamenipenda kwa masharti. Nataka waone mtu mwenye kinyongo, na bado waseme alidhulumiwa."

Onyesho la pili shangazi alikuja na majirani watatu. Fundi alipofika penye maneno yale hakupaza sauti. Alimsogelea karani, akamnyang'anya sinia la unga, akamnong'oneza usoni kama mtu anayetoa siri ya nyumbani. Watu walisikia kila neno. Mmoja alianza kupiga makofi, akasikia ni yake peke yake, akaacha. Tanuri lilipovunjwa, kuna waliofuta machozi. Huruma ilikuwa imehamia kwa karani, na fundi, japo aliitaka iwe hivyo, aliona wivu ukimchoma.

Kisha ikaja sehemu ya mwisho. Karani alidai haki yake bila kupepesa macho, jiwe kwa jiwe. Fundi alipiga magoti kuomba msamaha, na ukumbi ukaanza kumrudia. Alisikia watu wakiguna, wakisema msamehe, msamehe. Huruma ile ilikuwa tamu. Alijua akitoa chozi moja tu wote ni wake. Ndipo akasikia sauti anayoifahamu, safu ya tatu, ikimwambia jirani: "Unaona? Ndivyo walivyo hawa."

Kumbe huruma hii na yale makofi ya juzi ni ndugu wa mama mmoja, baba mmoja. Badala ya kulia, alisimama, jambo ambalo halikuwa kwenye mchezo, akawatazama watu.

"Unga ulikuwa wangu," alisema. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilijua, nikawaambia ni yeye, na ninyi mkaniamini upesi."

Hakuna aliyeguna tena. Karani alibabaika kidogo, kisha akasema maneno yake kama yalivyoandikwa: "Livunjeni." Pazia likafungwa. Makofi yalichelewa sana, na yalipokuja yalikuja vipande vipande, kama mvua isiyojua kama inyeshe.

Mwalimu alimkaripia kwa kubadili mchezo, kisha akachukua kalamu na kuyaandika yale maneno. Karani alimpa mkono, akaushikilia kwa muda. Shangazi alikuwa ameondoka.

Zilipita wiki mbili fundi na shangazi hawasemeshani. Mwishowe fundi alikwenda mwenyewe kwake, akamkuta anapiga pasi. Hakumpa kiti. Alimaliza shuka nzima, akaanza foronya, ndipo akauliza bila kuinua macho, "Na yule mwokaji mwingine? Tanuri lake walimjengea tena?"

"Mchezo hausemi, shangazi."

Shangazi aliinyoosha foronya mara mbili mahali pasipo na kunjo.

"Mwalimu wenu mvivu," alisema, kisha akamsogezea kiti kwa mguu.