Blanketi la Vitalia

Asubuhi ya tatu baada ya kumzika mama yake, Othmar aliingia jikoni kuchukua maji ya moto ya kunawa, akamkuta mama huyo, Vitalia, ameketi kwenye kigoda chake kando ya mafiga. Mapajani alikuwa na blanketi alilozikwa nalo, limekunjwa vizuri, lina udongo kidogo kwenye pindo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chukua blanketi lako. Kule hakuna baridi."

Lilikuwa blanketi zito la maua makubwa, Othmar alilinunua kwa ajili ya mazishi, na kijiji kizima cha Kitura kililisifia. Siku ya mazishi ndugu walilinyanyua uani ili kila mtu alione, ndipo wakamfunika nalo ndani ya jeneza. Alipokuwa hai, Vitalia alilala kwenye mkeka humo jikoni, akajifunika khanga mbili na gunia la kahawa. Kila Juni, ukungu ukishuka na vidole vikikataa kushika jembe, Othmar alimwambia avumilie kidogo, kahawa ikiuzwa. Kahawa iliuzwa mwaka baada ya mwaka. Likaja bati, likaja godoro la chumbani kwake, ikaja na pikipiki.

Othmar alilirudisha blanketi kaburini, akalifukia. Kesho yake mama alikuwa kigodani tena, nalo mapajani. Akalifukia mara ya pili, na ya tatu. Siku ya nne alilikunjua, akamfunika mama yake mabega taratibu, kwa mikono yake mwenyewe, kama alivyopaswa kufanya zamani. Blanketi likapita mabegani, likaanguka kwenye majivu. Othmar alilia bila kujificha. Alijuta kweli.

"Umechelewa, baba," alisema Vitalia, bila hasira. "Mpe Beatha."

Beatha, mdogo wake Vitalia, alikuwa amejikunyata kwenye mkeka uleule, chini ya gunia lilelile, anakohoa.

Othmar alilikung'uta blanketi. Alimtazama mama yake mdogo, akautazama na moshi wa jikoni, akaona blanketi lile ni zuri mno kwa humo. Akalipeleka ndani, akalifungia sandukuni, liwepo siku ya msiba mwingine. Kisha akarudi, akachutama kando ya mkeka.

"Vumilia kidogo, mama mdogo," alisema. "Kahawa ikiuzwa."

"Asante, mwanangu," alijibu Beatha, akalivuta gunia hadi shingoni.

Vitalia aliinama, akaongeza kuni.